So ya Chini

Devota alikuwa na sauti nzito, tena nzito haswa. Sokoni Muheza ilimfaa: akiita "Machungwaaa!" dereva wa basi anakanyaga breki. Kanisani ikawa nongwa. Miaka ishirini na moja alikaa na wanawake wa alto, yaani sauti ya pili, safu ya nyuma, akiimba huku amejibana koo, na bado wenzake wakamtania, "Mama Precious, nani anaunguruma huko?" Alicheka nao. Moyoni ilimuuma, usiambiwe.

Kwaresima hii mwalimu wa kwaya, Laurenti, alileta Zaburi ya mia na thelathini, wimbo uliotungwa Ulaya miaka mia tatu iliyopita, sauti nne zinazofukuzana. Aliutilia maneno ya Kiswahili, akazigeuza noti zote kuwa do-re-mi kwa mkono wake, kurasa kumi na nne. Mtu na kazi yake! Akagawa karatasi Alhamisi, na akasema wazi: Jumamosi nachuja. Asiyeifikia noti yake arudishe sare, akakae na waumini wengine.

Devota hakulala vizuri siku mbili hizo. Bila kwaya angebaki na nini? Machungwa tu.

Jumamosi ikafika. Alto ndio wanaoanza, peke yao, hawana wa kuwabeba: "Toka vilindini..." Karatasini imeandikwa *so*. Wanawake wakaipandia juu, safi kabisa. Devota akafungua kinywa, akatua chini.

Salale! Kwaya nzima ikaangua kicheko.

"Mama Precious, umezama," akasema Laurenti. Yeye hakucheka. "Pandisha."

"Siwezi, Mwalimu." Machozi yalikuwa karibu. "Tena unisamehe, mtu analia toka vilindini, huko juu anatafuta nini?"

 Laurenti akatoa karatasi ya asili mkobani, akaifuata kwa kidole, kisha akavua miwani. Katika do-re-mi, so ya chini huwekewa alama ya kimkia chini yake. Yeye alikisahau alipokuwa akizigeuza noti. Kimkia kimoja, jamani, katika kurasa kumi na nne!

"Kosa ni langu," akasema. "Alto, shukeni."

Wakajaribu kushuka. Sauti zikawaishia njiani, ikabaki pumzi. Wote wakageuka kutazama nyuma.

"Anza wewe, mama."

Devota akaanza, na safari hii hakujibana koo. Benchi likatetemeka chini ya kiganja chake. Hajamaliza neno, tenor wakaingia na neno lile lile, soprano wakapanda juu yao, besi wakaja mwisho, na kanisa likajaa mpaka kwenye mabati. Nywele zikamsisimka. Mungu wangu! Huyu Mzungu aliyeutunga amekufa zamani zile, hajapata kuisikia Muheza, alijuaje kwamba mimi nitakuwepo? Alitaka kulia, akajizuia. Sauti zote zile zilikuwa zimesimama juu ya yake.