Mwaka Ambao Shule Tatu Zilifaulu

Nilipohamishiwa huku kutoka Ileje, nilizikuta shule tatu za kata yetu hazisemeshani. Kila moja iliiona bendera ya mwenzake kwa mbali, juu ya migomba na mibuni, lakini walimu wake walikutana kwenye misiba na kwenye mikutano ya lazima tu. Shule yetu iko ndani kidogo ya barabara kuu, ukishapita Ihanda, mahali ambapo ukinyamaza unasikia malori yakielekea Tunduma. Sisi tulikuwa na mwalimu wa Hisabati, ambaye ni mimi, na hatukuwa na wa Kiingereza. Shule ya pili ilikuwa na kijana hodari wa Kiingereza, lakini Hisabati ilifundishwa na yeyote aliyekuwa na nafasi. Ya tatu, ile ya mlimani, ilikuwa na mwalimu mkuu mzee aliyefundisha Sayansi, na karibu hakuna mtu mwingine.

Mzee huyo ndiye aliyetupatanisha. Mwaka wangu wa nane hapa alishuka siku moja kwa miguu, akaketi ofisini kwetu na buti zake za matope, akasema, "Watoto wa kata moja wanafeli kwa zamu, kila shule na somo lake. Tubadilishane walimu." Hakuna aliyekuwa na hoja ya kumpinga. Kuanzia wiki ile, Jumanne nikawa nafundisha shule ya pili, Alhamisi napanda mlimani. Kijana wa Kiingereza akawa anakuja kwetu. Jumamosi darasa la saba la shule zote tatu lilikusanyika kwenye madarasa yetu kwa jaribio moja, watoto watatu kwa dawati, kila mmoja wa shule yake ili wasinong'onezane.

Kwenye majaribio hayo ndipo kata nzima ilipomjua mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa msichana mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kuziba mdomo kwa kiganja akitaka kucheka. Jumamosi ya kwanza aliongoza. Ya pili akaongoza. Ya tatu nilitunga maswali magumu makusudi, na akaja mezani kwangu na karatasi, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Madam, swali la tisa halina jibu. Nadhani umesahau mabano." Kweli nilikuwa nimeyasahau. Baada ya jaribio wenzake wa shule nyingine walikuwa wanamzunguka nje, naye anawachorea hesabu za sehemu kwenye udongo kwa kijiti, akieleza kwa Kinyiha cha huku mambo ambayo mimi, Mndali, nilishindwa kuyaeleza kwa Kiswahili. Walianza kumwita Madam Mdogo.

Mwezi Agosti tulipoanza kuota sherehe ya mwisho wa mwaka, tulikubaliana kwamba risala ya wanafunzi ataisoma yeye. Tuliiandika pamoja, yeye na mimi, mchana mmoja chini ya ubao. Mtihani ukafanyika Septemba. Alitoka chumba cha mtihani na wenzake, akanisalimia, akaenda zake nyumbani.

Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu wetu alipiga simu akiwa anacheka na kupiga kelele. Kata yetu haijawahi kufaulisha hivyo. Shule ya mlimani, iliyokuwa ya mwisho miaka yote, ilikuwa imezipita shule nyingi za mjini Vwawa. Nilifungua simu yangu nikatafuta namba ya mtihani ya yule msichana. Hisabati, E. Nikadhani nimekosea mstari. Nikatafuta upya kwa kidole, polepole. Kiswahili E, Sayansi E, kila kitu E. Mtoto aliyekuwa anafundishwa na yeye pale nje, ambaye mwezi wa tatu hakujua kugawanya, alikuwa na C.

Nilimwambia mwalimu mkuu kuna kosa. Akasema mitihani ina mambo yake, na mtoto anaweza kupatwa na hofu. "Tutaulizia," alisema, "lakini baada ya sherehe." Nilituma salamu nyumbani kwao mara mbili. Nikajibiwa yuko shambani anapalilia maharage.

Sherehe ilifanyika Desemba mwanzoni, kwenye uwanja wetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na viti vya kuazima kanisani vikawa vinazama kwenye matope kwa upande mmoja, ukiketi unaegemea jirani yako. Kwaya ziliimba. Mgeni rasmi alichelewa, kisha akafika. Zawadi ya kata ilikuwa mbuzi mmoja kwa shule zote tatu, na walimu wakuu walishika kamba yake pamoja ili wapigwe picha, mbuzi akiwavuta kuelekea kwenye nyasi, watu wakicheka. Ilikuwa siku nzuri, sitaki kusema uongo. Nilimwona yule mzee wa mlimani akifuta macho kwa leso.

Risala ilisomwa na mtoto wa shule ya pili. Alipofika kwenye neno "ushirikiano" alikwama, akalirudia mara tatu, watu wakampigia makofi ya kumtia moyo. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya madarasa, walikokuwa wanapika, kwa sababu maneno yale niliyajua yote na sikuweza kuyasikiliza kwa mdomo mwingine.

Nikamkuta huko. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, anakwangua ukoko kwenye sufuria kubwa, katikati ya akina mama.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Mbona hujaenda kukaa na wenzako?"

"Nimekuja kupika. Kila nyumba imetakiwa itoe mwanamke, na mama hawezi."

Mama yake alikuwa ameanguka mwaka mmoja kabla, akapooza upande mmoja. Hilo nililijua. Nilimvuta kando, karibu na rundo la kuni, nikamuuliza kama alikuwa anaumwa siku ya mtihani. Hapana. Kama aliogopa. Hapana, madam. Kama alijaza vibaya namba yake. Akatikisa kichwa. Alikuwa bado ameshika kijiko cha kukwangulia, anakigeuzageuza.

"Nilikuwa nalitafuta jibu kwanza," alisema. "Nikishalipata, natia kivuli jibu la pembeni yake."

"Maswali yote?"

"Yote niliyoyajua."

"Na usiyoyajua?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida darasani. "Yalikuwa mawili. Hayo nilibahatisha."

Huko uwanjani makofi yalikuwa yanaendelea. Nilimuuliza nani alimwambia afanye hivyo. Akasema baba. Nikamuuliza kama alimpiga.

"Hakunipiga, madam. Aliniomba." Akaangalia chini. "Alipiga magoti."

Sijawahi kusikia mzazi wa huku amempigia mwanawe magoti. Nilirudi uwanjani nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikamtafuta baba yake. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya wazazi wengine, kofia mkononi, amevaa koti la heshima. Nilimwambia njoo, baba, tuongee, na akanifuata hadi kwenye ukuta wa choo bila kuuliza ni nini.

"Najua unachotaka kusema," alianza yeye. "Naomba nikuulize wewe kwanza. Kaka yake ulimfundisha?"

"Nilimfundisha."

"Alifaulu?"

"Alifaulu."

"Mlimwita hapa hapa uwanjani mkampa cheti. Nilicheza mimi, mwalimu, mpaka watu wakanishangaa. Akaenda sekondari, akamaliza kidato cha nne. Leo yuko Tunduma anashusha mizigo ya malori, akipata chochote anakinywa. Mama yake alipoanguka nilimwita, hakuja. Nikamfuata mwenyewe. Aliniona, akavuka mpaka kwenda Nakonde nikiwa namtazama." Aligeuza kofia mkononi. "Nimebaki na huyu. Ndiye anayejua kumgeuza mama yake kitandani bila kumuumiza. Mimi nikijaribu, analia. Shule ya sekondari ni bweni. Niambie ningefanyaje."

Nilimwambia ni kosa. Nilimwambia kuna sheria. Nilisikia sauti yangu ikisema maneno yaliyo kwenye mabango ya ofisini.

"Sawa," alisema. "Basi wewe utakuwa unakuja kumgeuza?"

Kabla sijajibu nilisikia kipaza sauti kikiniita. Mwalimu bora wa Hisabati wa kata. Nilipita katikati ya viti, nikapokea cheti changu, nikampa mkono mgeni rasmi, na watu wakapiga makofi. Baba yule alikuwa amerudi mahali pake nyuma. Naye alipiga makofi.

Siku mbili baadaye nilipanda mlimani nikamweleza yule mzee kila kitu, kwa sababu mwalimu mkuu wangu sikumwamini angeweza kunyamaza. Mzee alisikiliza akiwa anamenya muhindi wa kuchemsha. Mwishowe aliuweka pembeni bila kuula.

"Ukilipeleka mbele, baba atakamatwa," alisema. "Na mama atabaki na nani?"

"Na tukiliacha?"

Tuliketi pale mpaka mvua ikaanza, kisha akanipa mwavuli wake nikashuka. Hatukulipeleka popote. Mara nyingine najiambia tulimhurumia mgonjwa. Mara nyingine najua kwamba kata ilikuwa na furaha, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuiharibu.

Januari wenzake walienda kuanza kidato cha kwanza. Niliwaona kituoni na magodoro na ndoo zao mpya. Yeye sikumwona.

Mama yake alifariki mwishoni mwa Februari. Tulimzika siku ya mvua, kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Msichana hakulia mbele ya watu. Alikuwa anahangaika na maji ya waombolezaji, anapokea vyombo, anaelekeza watu mahali pa kukaa, kana kwamba nyumba ni yake kwa miaka mingi.

Wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, baba alikuja shuleni. Alikuwa amevaa lile koti lake. Msichana alikuwa nyuma yake, amevaa sare ya shule ya msingi, imenyooshwa vizuri, imekuwa fupi magotini.

"Mwalimu," alisema baba, "sasa hana kinachomshika. Nimemleta."

Ningemwambia pale pale. Badala yake niliomba ruhusa, nikaongozana nao hadi ofisi ya afisa elimu kata, mwendo wa saa nzima, nikijua jibu tutakalopewa. Baba alitembea haraka. Njiani aliniuliza kama sekondari wanahitaji godoro la futi ngapi.

Afisa alitupokea vizuri. Alifungua orodha ya waliochaguliwa, akapitisha kalamu kutoka juu hadi chini, ingawa najua alikuwa anaikumbuka kichwani.

"Hayumo," alisema. "Aliyefeli hachaguliwi, mzee. Na darasa la saba harudii mtu."

"Lakini hakufeli," alisema baba.

"Karatasi inasema amefeli."

"Ni mimi nilimwomba."

Afisa aliweka kalamu chini. Akamtazama baba, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa, na ameelewa pia kwamba mimi nilijua siku zote. Aliinuka akausukuma mlango ukajifunga.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "maneno hayo usiyarudie kwa mtu mwingine yeyote."

Alimweleza kuhusu masomo ya jioni ya wale waliokosa nafasi, yaliyoko Vwawa, na baba akaitikia kila neno, lakini sote tulijua Vwawa ni mbali kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku. Kuhusu shule za binafsi hakuna aliyezungumza. Tulipotoka, msichana alitangulia mbele. Baba alitembea hatua chache, akasimama katikati ya njia, akavua kofia, akaivaa tena. Nilitaka kumwambia kitu. Alinitangulia kusema.

"Nenda tu, mwalimu. Una vipindi."

Ushirikiano wa shule tatu unaendelea. Mwaka uliofuata tulifaulisha wengi zaidi, na shule mbili za kata ya jirani zimeomba kujiunga nasi. Yule mzee amestaafu. Tulimuaga kwa kwaya na blanketi. Mimi bado natunga majaribio ya Jumamosi. Siku hizi mtoto akiongoza mara ya tatu mfululizo, najikuta nauliza habari za nyumbani kwao kabla ya kumpongeza, na nikishaambiwa sina la kufanya na nilichoambiwa.

Yule msichana nilimwona mara ya mwisho Novemba iliyopita. Nilikuwa Ihanda nasubiri gari la kwenda Vwawa kwenye kikao cha maandalizi ya sherehe. Foleni ya malori ilikuwa imefika mpaka pale, na wasichana walikuwa wanapita kando yake na beseni za parachichi, wakiwanyooshea madereva juu madirishani. Mmoja wao akaja mbio kwangu. Amenenepa kidogo, amesuka nywele. Aliweka beseni chini akanisalimia kwa adabu ile ile.

Niliuliza habari za baba. Akasema mzima, ila siku hizi haongei sana. Niliuliza kama bado anasoma chochote. Akasema hapana, vitabu alimpa mtoto wa jirani. Hakusema kwa uchungu. Kisha yeye akauliza:

"Madam, na mwaka huu shule zimefaulu?"

"Zimefaulu."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Hongereni," alisema, akaziba mdomo kwa kiganja kama anayetaka kucheka, lakini hakucheka. Lori la mbele likaanza kusogea. Akachukua beseni lake, akalikimbilia lori lililofuata.