Kitambaa Nilichokifungua Usukanini

Mutiso alikufa mchana, kwenye mteremko wa barabara ya Kola, akiendesha landrova yangu. Watu walisema alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Breki zilimwishia, na mtu aliyejua kwamba zingeweza kuisha nilikuwa mimi.

Mwanangu, naona ninyi vijana mmeanza kununua magari yale yale makuukuu tuliyoyapenda sisi, na Jumamosi mnapita hapa Mumbuni mkifuatana. Ndiyo maana nakuandikia.

Nakumbuka Jumamosi moja tulipopanda milima ya Kalama, landrova nne, hakuna hata moja iliyokuwa nzima. Tulikuwa na sheria yetu: gari moja likikwama, yote yanasimama, na hakuna anayeondoka mpaka liwake. Spana zilikuwa za wote. Matusi pia.

Siku hiyo lililokwama lilikuwa langu. Jiwe lilikuwa limekata paipu ya breki ya gurudumu la nyuma. Mutiso, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliinama akatazama oili ikidondoka.

"Hii ni gari ama ni ng'ombe?" akauliza. "Leteni kibuyu tukamue."

"Kamua yako kwanza," nikamjibu. "Ile yako hata kuvuja imechoka."

Mzee Kyalo, fundi aliyetufunza sote, alitabasamu kidogo tu. Aliikata ile paipu, akaikunja ncha yake mara mbili, akaiponda kwa nyundo mpaka ikaziba. Nikabaki na breki za magurudumu matatu. Kisha akachana kitambaa chekundu na kukifunga kwenye usukani.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Tulikuwa tukiazimana magari kama majirani wanavyoazimana jembe, kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa kubahatisha njiani lilifungwa kitambaa. Ukikiona, unajua kuna kitu kibovu, unauliza. Usipokiona, unaondoka. Kukifungua ilikuwa mpaka kipuri kipya kiwekwe, tena wenzako wakiona.

"Hii ni ya kukufikisha nyumbani," Kyalo akaniambia. "Si ya kutembea nayo. Umesikia, kijana?"

Nikasema nimesikia.

Kesho yake kaka ya mchumba wangu alikuwa anakuja kunitembelea. Nilikuwa nimejisifu sana kwake kuhusu lile gari, na yeye alijua maana ya kitambaa. Asubuhi kabla hajafika nikakifungua, nikakitia mfukoni. Nilijiambia Jumatatu nitanunua paipu. Jumatatu ikapita.

Jumanne Mutiso alinikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikokuwa karani. Gari lake lilikuwa limelala, gea zimekufa. Alitaka langu aende Kola kuchukua mawe ya kumjengea mama yake jiko. Shemeji yangu mtarajiwa alikuwa amesimama karibu nami, akisubiri misumari.

Nilimpa Mutiso ufunguo. Alipoketi garini nilimwona akiangalia usukani, na hapo nikakumbuka. Neno lilinifika mdomoni. Labda aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu aliuliza, "Iko sawa?"

"Iko sawa. Wewe enda tu."

Akirudi na mzigo, pale penye mkunjo paipu ilifunguka. Oili yote ikamwagika, na kwa magari yale ya zamani oili ikiisha huna breki hata moja. Mutiso alikuwa mtu wa kunywa mwisho wa wiki, kila mtu alijua, basi hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Kwenye mazishi mchungaji aliwaonya vijana juu ya pombe, huku mama yake ameketi mbele, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Baada ya mazishi Kyalo aliniita pembeni. Alikuwa amekwisha kwenda kuliangalia lile gari.

"Kitambaa kilienda wapi?"

"Nilikifungua, mzee."

Nilitamani anipige. "Ungeniambia breki ilikataa kitambaa kikiwepo, ningekutetea," akasema. "Lakini yule kijana aliangalia usukani, akatuamini. Enda umwambie mama yake. Usiponiona nikikusalimia, ujue bado hujaenda."

Hakunisalimia tena mpaka tulipomzika yeye mwenyewe.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukimpa mtu kitu chako, mwambie ubovu wake kabla hujampa ufunguo, hata kama anayekusikiliza ni shemeji yako. Aibu hiyo ingenichukua dakika moja, kisha tungecheka. Na ukishakosea, sema siku ile ile. Nilidhani miaka ingelifanya jambo hili liwe jepesi kulisema. Kila mwaka nilionyamaza umekuwa kosa jingine juu ya lile la kwanza, na sasa sijui nianzie lipi.

Mungu akulinde kwenye miteremko na akupe wenzako wa kusimama nawe gari likikwama. Akupe pia ulimi wa kusema kweli ukiwa bado kijana.

Mama yake Mutiso yuko hai, huko Kalama, haoni vizuri siku hizi. Unajua sisi Wakamba tunavyowaita watoto majina ya wazee na ya ndugu waliotangulia. Yeye alikataa. Alisema jina la mlevi halitarudi katika nyumba yake, na wajukuu wote wamezaliwa wakapewa majina mengine. Juzi mjukuu wake mmoja amejifungua mtoto wa kiume. Wamenialika, kwa kuwa nahesabiwa rafiki wa familia. Mtoto bado hajapewa jina, na mimi bado sijaenda.