Injini Iliyowashwa Kavu

Sikuwa fundi wa kubahatisha. Nilitoka nyumbani, upande wa Sirisia, bila viatu, nikaingia karakana ya mzungu mmoja Kitale kuosha vyuma kwa petroli. Vita vilipokuja nikavaa sare na kuvuka bahari, na baada ya vita nikasoma Uingereza mpaka nikapata diploma ya injini, yenye muhuri mwekundu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi, sikumjua Mwafrika mwingine kati ya Kitale na Bungoma aliyekuwa na karatasi kama ile. Niliitia kwenye fremu na kuitundika katika karakana ya Kitale niliyopewa kuisimamia, juu ya meza yangu, mahali ambapo hata wazungu walioleta magari yao walilazimika kuisoma wakingoja.

Katika yote niliyosoma, jambo nililolishika kwa nguvu zaidi lilikuwa dogo. Injini iliyolala muda mrefu hukauka. Oili hushuka yote chini, na pampu ya oili nayo hubaki tupu. Ukiiwasha hivyo, vyuma husagana vikavu. Kwa hiyo unafungua plagi, unatia kijiko cha oili katika kila silinda, unajaza pampu, kisha unazungusha kwa hendeli, polepole, swichi ikiwa imezimwa, mpaka mshale wa geji ya oili utikisike. Ndipo unawasha. Fundi aliyeiruka hatua hiyo katika karakana yangu alifukuzwa siku ile ile. Nilifukuza wawili, na mmoja wao alikuwa na mke mjamzito.

Kaka yangu mkubwa hakusoma, lakini alikuwa na lori, na hatua hiyo nilimfundisha. Kila asubuhi aliizungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha. Majirani walimcheka kwamba anaiamkia gari kama mama mkwe. Hakujali. Lori lake lilikuwa kuukuu kuliko yote yaliyofika stesheni ya Bungoma, na halikuwahi kulala njiani.

Alikufa kwa homa wakati wa palizi. Kwetu mali ya marehemu haiguswi mpaka siku ya kugawa, na wazee waliisogeza siku hiyo mpaka mavuno, kwa sababu bila nafaka mpya hakuna pombe ya kuwakalisha watu. Lori likakaa miezi saba kwenye kibanda chake cha nyasi. Hakuna aliyethubutu hata kufungua mlango wake.

Siku ya kugawa nilifika kutoka Kitale nikiwa na betri iliyojaa moto, kopo la oili, spana zangu, na suti ya kijivu niliyoshonewa Uingereza. Wazee walisema lori ni la nyumba ya marehemu, yaani la mjane na watoto wake wanne. Palikuwa na mfanyabiashara Mwislamu kutoka Bungoma mjini, aliyemheshimu sana kaka yangu. Alimwambia shemeji yangu mbele ya wote:

"Mama, kama gari ni nzima, kesho ianze kubeba mahindi yangu mpaka stesheni, msimu wote. Kama si nzima, nitatafuta ya mtu mwingine. Mahindi haingoji."

Mjane akanitazama. "Mulamwa," alisema, kama tunavyoitana kwetu na mke wa ndugu, "si utaifanya iende?"

"Mimi tena?" nikamjibu.

Nilifunga betri, nikachukua spana ya plagi. Baba yangu mdogo, aliyekuwa msimamizi wa ugawaji, akaja na fimbo yake.

"Unatafuta nini huko ndani?"

"Naitayarisha, baba. Nipe kama saa moja."

"Saa moja? Marehemu alikuwa anakanyaga tu, inalia."

"Alikuwa anaizungusha kwanza."

"Kuzungusha hata mimi naweza, na sikuvuka bahari." Watu wakacheka. "Ati diploma. Tuliambiwa wewe ukifika injini inasimama kwa miguu."

"Mwache, bana," mwingine akadakia kutoka kwenye mtungi wa pombe. "Anaogopa kuchafua suti ya Kwini."

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Nimetukanwa na makapteni na sikutetemeka, lakini kicheko kile cha watu wa kwetu sikukiweza. Nilirudisha spana mfukoni, nikafunga boneti, nikapanda na kukanyaga stata.

Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Wanawake walipiga vigelegele. Shemeji yangu alijifunika uso kwa leso. Nikatazama geji ya oili, na mshale ulikuwa umelala. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima. Ningezima pale pale, gari lingepona. Lakini baba mdogo alikuwa dirishani akipiga makofi, akisema, "Ilie, wasikie mpaka ng'ambo ya mto," nami nikakanyaga mafuta zaidi. Nikatazama tena. Umelala. Nikaongeza.

Kisha ndani kukaanza kugonga, kama mtu aliyefungiwa humo na nyundo, na injini ikakwama.

Nilikaa siku mbili nikiifungua. Beringi zilikuwa zimeyeyuka na shafti imechimbika. Vipuri vya lori la umri ule havikupatikana tena Kitale, na karakanani kwangu hapakuwa na mashine ya kuichonga shafti upya. Mfanyabiashara alikuwa ameshaondoka siku ile ile, kwa upole, kutafuta lori jingine.

"Nini imeiua?" baba mdogo aliuliza.

"Ilikuwa imechakaa," nilisema. "Aliibebesha kupita kiasi."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Nani angebishana na diploma? Tangu siku hiyo, huko Sirisia, kaka yangu akawa mtu aliyelimaliza gari lake na kuwaachia watoto wake chuma. Nililisikia neno hilo likisemwa mazishini, sokoni, hata kanisani, na kila mara nilitazama chini.

Shemeji yangu aliwaacha watoto kwa mama yake, akaenda kupalilia mahindi katika shamba la mzungu karibu na Kiminini. Nilipita huko mwaka uliofuata na kumkuta kando ya barabara, na jembe, mikono imepasuka. Nilisimamisha gari. Tulisalimiana, akaniuliza habari za kazi, nikamweleza kwamba nimepandishwa cheo. Alifurahi kweli.

Nilipotaka kuondoka alishika mlango.

"Mulamwa, nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya ile gari," alisema. "Nimemwombea. Nimeshamsamehe."

Nikamwambia amefanya vizuri.