Paa Aliyemwinamia Bi Khole

"Muongo weye, Khole! Paa akuinamie kichwa, kwani weye malkia?"

"Kainama mara tatu, Mahfoudha. Nikamwitikia marahaba."

Wanawake wote sebuleni wakaangua kicheko. Tangu Bi Khole arudi kutoka Japani, alikokaa mwaka mzima akimlea bintiye aliyejifungua, kahawa ya Jumatano pale mtaani Hail haikuwa na hadithi nyengine ila hekalu la kale la Kishinto, dini ya wenyeji, lenye paa wanaorandaranda, jirani na nyumba ya bintiye. Eti alilizuru misimu yote minne: ya theluji, ya maua, ya mvua, na ya majani mekundu.

"Mlangoni pana birika la mawe na kata za mianzi," alisema. "Nikasema alhamdulillahi, kumbe hawa nao wanajua udhu! Nikasukutua, nikaosha uso na mikono, nikapandisha mguu birikani. Ghafla mzee wa hekalu huyo, mbio! Kumbe wenyewe wanaosha viganja na kusukutua, basi. Lakini hakunifokea, masikini. Kainama. Na mie nikainama. Kainama tena. Tukainamiana mpaka adhuhuri."

"Na msimu wa mvua?" akauliza mmoja wao.

"Konokono, mwanangu, kama mapapai! Wakanipisha njia."

Moyoni alijijua. Paa kweli, mguu kweli, theluji na maua na majani kweli. Mvua ndiyo aliyoitunga, maana ilipoanza kunyesha magoti yalimgomea, hakutoka nje hata siku moja. Lakini nani asikilize hadithi ya misimu mitatu?

"Hisham si anakuja kukuchukua?" Bi Mahfoudha alisema taratibu. "Ntamuuliza. Akikukana, mto huo wa mbele ya dele la kahawa ntaukalia mie, na weye utasikiliza."

Miaka kumi Bi Khole ameukalia mto ule, na hakuna aliyewahi kusimulia mbele yake. Na Hisham, mume wa bintiye, aliyekuja naye kwa likizo, hajui kutia chumvi hata kwenye mchuzi.

"Muulize," Bi Khole alisema, huku mkono ukinyemelea sahani ya halwa.

Mlango ukafunguka.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Hisham baba," Bi Mahfoudha alidakia. "Hebu tuambie haki ya Mungu, msimu wa mvua mkweo ali—"

Bi Khole, na magoti yake yale yale, alikwishafika mlangoni.

"Kula kwanza, baba, umetoka mbali," akamjaza tonge la halwa mdomo mzima.