Yale Aliyoyasoma Kahonzi

Kahonzi ni mwalimu wa chekechea kule Kakuyuni, na kwa miaka miwili alifundisha akiwa amesimama karibu na mlango. Watoto walidhani ndiyo desturi yake. Kumbe tumbo lilikuwa likimkata ghafla, mara saba, mara kumi kwa siku, na kila akienda chooni aliona damu. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, kisha akatibiwa amiba tena. Alikonda hata sketi zake zikawa hazikai bila pini.

Mwishowe mumewe, Garama, alimpeleka Mombasa, akapimwa kwa mpira wenye kamera. Daktari akamwambia ana vidonda katika utumbo mpana, na kwamba ni ugonjwa wa kuishi nao. Alikuwa mtu mpole yule daktari, lakini nje foleni ilifika getini. Akamwandikia jina la ugonjwa kwa Kiingereza kwenye kikaratasi, akampa vidonge na tarehe ya kurudi. Kahonzi akatoka na maswali yote aliyoingia nayo, na mengine juu yake.

Nyumbani, mavyaa wake, mama yake Garama, alisikia neno "vidonda" akaogopa. Kuanzia siku ile kikombe cha Kahonzi kiliwekwa peke yake. Kahonzi akalitafuta lile jina kwenye simu. Ukurasa mmoja ulimtisha kwa saratani, mwingine ulitaka kumuuzia maji ya mizizi yanayoponya kwa siku ishirini na moja. Akaizima simu, asitake kujua zaidi.

Vidonge vilimfaa. Mwezi wa pili damu ilikatika, akanenepa kidogo, akacheka kama zamani. Akajiambia, nimeshapona, dawa za nini tena? Akaacha kuzimeza. Haikupita miezi miwili, tumbo likarudi kwa hasira, na asubuhi moja, katikati ya wimbo wa herufi, hakuwahi chooni. Mwalimu mwenzake alimfunga leso kiunoni akamsindikiza hadi nyumbani. Juma zima Kahonzi hakutoka nje.

Garama hakumuuliza mengi. Alimwambia tu, "Vaa twende," wakashuka Malindi, kwenye kliniki moja ambako kulikuwa na muuguzi aitwaye Adhiambo, mama wa makamo aliyetoka Siaya miaka mingi iliyopita.

"Dawa uliacha lini?" Adhiambo aliuliza.

Kahonzi akainamisha kichwa. "Nilipoona nimepona, sista."

"Na kuna mtu alikueleza kwamba dawa hii unaendelea nayo hata ukijisikia mzima, kwa sababu ndiyo inayozuia vidonda visirudi?"

Kahonzi akafikiri. "Hapana."

"Basi hilo si kosa lako, mwalimu. Ni letu sisi."

Daktari wa kliniki alipomaliza kumpima na kumwandikia dawa, Adhiambo alifungua droo akatoa kurasa kumi na mbili za Kiingereza zilizobanwa pini. "Hizi ziliandikwa na chama cha wagonjwa, pamoja na madaktari wao. Ona hapa chini: majina ya walioandika, na mwaka. Na hawauzi kitu. Ukisoma habari za ugonjwa kwenye simu, anza kwa kutazama hayo."

Kahonzi alizisoma akiwa amekaa kitini nje ya nyumba, kamusi mapajani. Humo hamkuwa na miujiza. Walieleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na haukuletwa na chakula alichokula wala na mkono wa mtu. Walieleza dalili za kumkimbiza hospitali: homa, maumivu makali, damu inayozidi. Walishauri mgonjwa abebe nguo ya akiba bila kuona haya, na aandike maswali yake kabla ya kumwona daktari. Palikuwa pia na mstari unaosema kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huu hupata watoto salama, bora wapange na daktari wakati ugonjwa umetulia. Kahonzi aliurudia mstari ule mara tatu. Garama alipotoka ndani alimkuta analia, akashtuka.

"Kuna nini?"

"Hakuna ubaya," alisema. "Soma hapa."

Siku ile ile alimwita mavyaa wake, akamsomea kurasa zile moja moja, akizigeuza kwa Kigiriama. Mama wa watu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi niliogopa, mwanangu. Sikujua."

"Najua, Mayo," Kahonzi akasema, akimwita mama kwa Kigiriama. "Hata mimi sikujua."

Jioni walikunywa chai, na vikombe vilioshwa katika beseni moja.

Kahonzi aliporudi kazini alimweleza mwalimu mkuu ugonjwa wake waziwazi, akapewa darasa lililo karibu na choo. Kisha akanunua daftari, akaanza kuziandika upya zile kurasa kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo hata mtu aliyeishia darasa la nne angeyaelewa. Alipompelekea Adhiambo alikague, muuguzi alisoma akitikisa kichwa kwa furaha, hadi alipofika ukurasa wa vyakula.

"Hapa umekataza watu wote pilipili. Huyo ni wewe. Mwingine anakula pilipili na hana shida, lakini maziwa yanamsumbua. Andika kwamba kila mtu achunguze tumbo lake."

Kahonzi akafuta, akaandika hivyo. Daftari likapigwa chapa, nakala zikawekwa kwenye benchi la kliniki.

"Sijui nikushukuru vipi, sista," alimwambia Adhiambo. "Ulinipa karatasi, nikapata maisha."

"Ulizisoma," Adhiambo akajibu. "Wengine huzifungia vitumbua."

Mwezi uliopita, Kahonzi alipokwenda kuchukua dawa, alimkuta mzee mmoja kutoka Mnarani, jina lake Fondo, akisoma nakala hiyo taratibu, kidole kikifuata maneno. Kahonzi akamwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia. Mzee alipojua kwamba Kahonzi ndiye aliyeiandika, alisogea karibu, akapunguza sauti, akamuuliza jambo la chooni ambalo mzee hamuulizi binti hivihivi.

Kahonzi hakucheka. "Hilo sikuliandika, baba," alisema. "Na mimi silijui vizuri. Twende tumuulize sista."

Wakainuka pamoja.