Jiwe la Nne la Munga

Munga alikuwa mshika utepe wa kupimia katika idara ya ardhi ya kaunti. Kwa miaka ishirini na sita wapima ardhi walikuja na kuondoka na vyeo vyao, yeye yuko palepale, kwenye ncha ya utepe, akitembea vichakani Changamwe mwendo wa mtu aliye nusu usingizini. Wenzake walimwita Ndoto. Hakuwahi kukasirika.

Ijumaa angestaafu. Jumatano asubuhi alifuatana na Mueni, mpima ardhi mgeni, hadi kiwanja cha serikali kuu nyuma ya Chaani. Mambo yalikuwa hivi: serikali haitozwi kodi ya ardhi kama mimi na wewe, huipa kaunti mchango badala yake. Mchango wa kiwanja hiki ulikuwa umekatika miaka mingi, na sasa serikali ilikubali kuifidia kaunti michango yote iliyoikosa, mradi mawe yote manne ya mpaka yaonekane. Zahanati ya mtaani ilishaahidiwa paa kwa pesa hizo. Mawe matatu yalijulikana. La nne, kila walipokwenda kupima, Munga alirudi kutoka kichakani akifuta jasho na kusema, "Halipo."

Alikuwa mwongo, na nasema hivyo nikimpenda. Jiwe lilikuwepo. Hatua mbili kutoka hapo alilala mamake, Kafedha, aliyezikwa kabla ardhi hiyo haijazungushiwa ua. Munga aliogopa kwamba jiwe likionekana, kaburi nalo litaonekana, na amri itakuja mama ahamishwe. Basi hakuweka msalaba wala tofali. Alikuwa akifika, anasimama kidogo, anasikia kinu kikitwangwa mahali pasipo na nyumba, kisha anaondoka.

"Mzee Munga," Mueni aliita kutoka jiwe la tatu, "nikatafute mwenyewe ama utaenda?"

"Naenda, mwanangu."

Nyasi zilimfika kifuani. Jua lilikuwa bado laini, na harufu ya tui linalochemka ikamjia, haijulikani kutoka wapi. Alifika. Ila mara hii hakuwa na hakika. Ni hapa, au pale penye mbarika? Tuta la kaburi lilikuwa limeshuka likalingana na ardhi. Alipiga magoti akapapasa, akapapasa tena, mpaka vidole vikagusa saruji ya jiwe, ndipo akajua mama yuko wapi.

Keshokutwa utepe ungeshikwa na mwingine, na duniani kusingebaki mtu wa kujua kwamba Kafedha amelala hapa. Yeye mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, nusura ampoteze.

"Liko huku!" alipaza sauti.

Mueni alikuja mbio, meno yote nje, akafungua fomu yake. "Kilichopo juu ya ardhi," alisoma. "Niandike hakuna kitu?"

Munga alivua kofia.

"Andika yupo mama yangu," alisema. "Kafedha wa Garama. Jina lote, mwanangu."