Neno Nililolitafutia Kosa

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Nairobi ana kinu. Jumamosi asubuhi hutwanga mahindi ya muthokoi, na mlio wa mchi hupanda hadi jikoni kwangu: du, du, du. Nikiusikia huacha ninachofanya. Ni woga, na leo nakiri kwenu jambo nililolikana mbele ya marafiki, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja mbele ya padri: niliwahi kuliogopa neno la Kilatini hadi nikashindwa kula. Kisa hiki nimezoea kukisimulia kama kichekesho. Watu hucheka, nami huwa wa kwanza kucheka. Lakini wakati ule sikuwa nacheka.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, mwendo wa asubuhi nzima kutoka nyumbani kwetu ng'ambo ya Matiliku. Misa ilikuwa bado ya Kilatini, lugha ambayo mle ndani aliielewa padri peke yake, na hata yeye, alisema Susu, mama mzaa baba yangu, huenda alikuwa anabahatisha. Ilipofika sala ya kuungama, wakulima wote walijipiga vifua kwa ngumi mara tatu, na mabati yakaitika. Ungedhani kijiji kizima kinatwanga.

Nilikuwa na miaka tisa, najitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Mwalimu Nzioka, katekista wetu, alitufundishia katika ghala la misheni, lililonuka magunia na panya. Siku hiyo tulifika kwenye neno *peccavi*.

"Maana yake?" akauliza.

Tukatazamana, naye akajijibu mwenyewe.

"Nimekosa! Mimi mwenyewe. Si jirani yako, si mbuzi wa jirani yako. Mwende, mbona mdomo wazi, unangoja nzi?"

"Mwalimu, na kama mtu hajakosa?"

Ghala zima likacheka. "Ati Mwende ni malaika!" akasema mtoto mmoja nyuma yangu. "Hebu geuka tuone mabawa!"

Mwalimu Nzioka hakucheka. "Basi utakuwa umemdanganya Mungu mbele ya malaika na watakatifu wote," akasema. "Na hiyo, mama, ni mbaya kuliko kithitu."

Nadhani alisema hivyo kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Lakini hakuna mtoto wa Ukambani aliyehitaji kuelezwa kithitu. Ni kiapo cha wazee wetu, na ubaya wake ni huu: anayeapa uongo hafi yeye kwanza. Hufa jamaa zake, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa mzima anatazama. Njiani kwenda sokoni tulipita boma lililobaki kuta tupu, na hapo Susu alinishika mkono tukaongeza mwendo bila kuzungumza.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto mwema kupita kiasi, aina ya mtoto ambaye watoto wengine humsukuma kwenye miiba ili wapumue. Nilijichunguza wiki nzima nisipate dhambi hata moja ya kuonyesha. Jumapili nikalisema neno lile hata hivyo, kwa sauti, kwa kuwa Mwalimu Nzioka alikuwa ananitazama. Nikajipiga kifua. Nimekosa.

Jumanne Kioko akaugua.

Kioko alikuwa mdogo wangu, wa miaka minne, mwenye kitovu kilichotangulia mbele yake popote alipokwenda. Asubuhi alikataa uji. Jioni mwili wake ulikuwa wa moto kama jiwe la mekoni, na alizungumza na watu ambao hatukuwaona. Mama alikaa kando yake na kitambaa chenye maji. Baba alikuwa kazini Mombasa. Nami nilisimama mlangoni nikijua kilichomshika mdogo wangu, na kwamba baada yake angefuata mama, kisha Susu.

Niliona njia moja tu. Nilikuwa nimeapa kwamba nimekosa. Basi ilinibidi nikose, upesi, ili kiapo kiwe kweli. Sikuwa na hakika kama dhambi ya Jumatano inaweza kulipia neno la Jumapili, ila niliona Mungu, ambaye kwake miaka elfu ni kama siku moja, hangegombana nami juu ya siku tatu.

Kukosa, niwaambie, ni kazi ngumu kwa asiyezoea. Nilikwenda kuiba sukari nikakuta mkebe mtupu. Nilijaribu kumtukana Susu, akadhani nimemsalimia, akaniitikia. Nilijaribu kumchukia yule mtoto wa mabawa, lakini hilo halikuwa jipya. Kisha mama akaenda kutafuta kuni, na macho yangu yakaangukia debe la maji.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Maji yale mama aliyachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, akisubiri yachuruzike, akiyachota kwa kata, kisha akayabeba mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Kwetu mtu huweza kukusamehe ukimwibia mbuzi, maana mbuzi huzaa. Maji hayazai. Nililiburuta debe nje, nikalimwaga lote. Ardhi iliyanywa kabla sijamaliza. Kwa uangalifu wa mtoto mwema nikalirudisha debe mahali pake, likasimama wima.

Furaha yangu ilidumu kadiri ya kuvuta pumzi. Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba:

"Mwende. Maji."

Mama alirudi, akatua kuni. Alitazama debe, akatazama udongo uliolowa, akatazama debe tena. Nilingoja kofi. Nilikuwa nalihitaji kofi lile. Mama alifunga kamba, akachukua kata, akarudi mtoni jua likizama, na fisi wameanza kuitana huko kwenye vichaka.

Nikabaki na Kioko. Kila alipofumbua macho aliomba maji. Nilichukua kile kitambaa cha paji la uso wake nikakikamua juu ya midomo yake. Lilitoka tone moja, kisha jingine. Akalamba. "Lina chumvi," akasema, kisha akanyamaza, na kimya hicho ndicho ninachokisikia mchi ukitwanga. Niliweka sikio kifuani pake kila mara nikidhani ameondoka. Hapo nilijua maana ya neno lile, bila katekista.

Mama alirudi giza likiwa limeingia. Asubuhi alimbeba Kioko mgongoni hadi zahanati ya Matiliku, Susu na mimi nyuma. Kioko alichomwa sindano, akapiga kelele hadi wagonjwa wa nje wakaanza kupona, na kabla ya Jumapili alikuwa anafukuza kuku.

Mtaona mtoto angehitimisha nini. Dawa ilikuwa imefanya kazi, nayo haikuwa sindano. Nilikua nikiamini kwamba Mungu alikuwa amedai nimwage kitu, nami nikamwaga. Chuo kikuu nilifungua kamusi nene ya Kilatini maktabani, nikasoma kwamba kitenzi kile Warumi walikitumia pia kwa farasi aliyejikwaa. Farasi! Nilicheka hadi mtunza maktaba akaninyooshea kidole. Hata hivyo mwaka huohuo rafiki yangu alipolazwa hospitalini, nilijikuta nimesimama kwenye sinki la bweni, mkono kwenye bomba, natazama maji yakienda.

Jumamosi iliyopita jirani alianza kutwanga, nikampigia mama simu. Siku hizi anakaa Kathonzweni, kwa Kioko, ambaye kitovu chake sasa kimefichwa na kitambi.

"Mama, unakumbuka Kioko alipougua, maji yakamwagika?"

"Sema kwa nguvu, kuku wana kelele!"

"Ni mimi niliyamwaga. Makusudi."

Nilisikia akiwafukuza kuku.

"Wewe?"

"Mimi."

"Aiee, Mwende. Miaka hii yote nilijua ni Mungu."

Kisha akaniambia, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nilipokuwa na mimba ya Kioko nilikuwa nimechoka. Baba yako hayuko, mvua hakuna. Siku moja huko mtoni nikasema kwa sauti: huyu simtaki. Halafu akaugua. Halafu narudi na kuni, nakuta maji yamemwagwa na debe limesimama. Limesimama, Mwende! Ni mbuzi gani huyo anamwaga na kurudisha debe? Nikajua nimejibiwa. Nilichimba ule mchanga nikilia, nikiomba lile neno langu lirudi mdomoni."

"Mama, kwani Kioko alikuwa na nini?"

"Malaria," akasema. "Susu ndiye aliniambia baadaye. Yule wa sindano alitutangazia sisi watatu pale mlangoni, akasema ni malaria tu, mbu, hakuna mwenye makosa. Wewe ulikuwa umeshika nguo yangu. Ulimsikia?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi."